Jiwe Uliloliacha kwa Jaspal

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke katika hospitali ile ya kando ya barabara kuu, viatu vyako vya turubai vikiwa chini ya kitanda, vimeelekezwa mlangoni.

Ulikuwa Ngodup wa masweta. Kila baridi ilipoingia ulishuka kutoka kwetu Bir milimani hadi mji wa Ludhiana, ukatandaza bidhaa kwenye kona ile ile, na mteja akija na mtoto ulimpa saizi kubwa kuliko aliyoitaka, kwa bei ile ile. Ulimwambia atakua tu. Mama alilalamika kwamba unauza huku unagawa. Ulicheka, ukaukanda unga wako wa shayiri ndani ya chai ya siagi, ukampa mjukuu wako Norzin kitonge cha kwanza.

Hukuwa mtu wa maneno mengi ya siasa. Ulivuka milima kukimbilia huku ukiwa na miaka minane, mgongoni mwa baba yako, na dada yako Lhakdon akabaki Tibet na bibi. Tangu hapo mlizungumza kwa simu kwa nadra, tena habari za mvua na mbuzi tu, maana kule serikali husikiliza simu. Ndiyo maana kila yalipoitishwa matembezi ya kwenda Delhi kuidai nchi yetu, ulikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Ulisema Lhakdon hawezi kutembea huko hata hatua kumi na bendera mkononi, basi nusu ya hatua zako ni zake.

Siku ya kumi na mbili ya matembezi ya mwaka jana, jua la Haryana, njiani kwenda Delhi, halikuwa na huruma. Wenzako walikwisha kutangulia na bendera zao. Wewe ulibaki nyuma na binti yako Yangkyi, umeshikilia nguzo ya kibanda cha juisi ya miwa, midomo imekauka. Gari la msafara likaja kukuchukua, ukagoma kupanda. Tuseme ukweli, Yangkyi alikufokea mbele za watu.

"Baba, hizi hatua nani anakuhesabia?"

"Lhakdon."

"Shangazi hajui hata kama uko barabarani."

"Mimi najua."

Basi akakupa neno lake: panda leo, kesho asubuhi nitakurudisha hapa hapa uendelee ulipoishia. Hapo ukalegea. Ukafanya kama wafanyavyo mahujaji wetu wanaopima njia kwa kulala kifudifudi: uliokota jiwe, ukaliweka pale miguu yako ilipokomea, ukamwomba Jaspal, mwenye kibanda, akutunzie mpaka kesho. Kihindi chako kibovu kilimchekesha, lakini alikubali.

Jioni ile ile moyo wako ukasimama.

Yangkyi amelibeba neno lile mwaka mzima. Taa za siagi za siku arobaini na tisa za matanga aliziwasha yeye, wala hakulia. Alisema alikudanganya ili upande gari. Tulimsihi weee, hakusikia. Basi leo tumekuja naye sote. Barabara imepanuliwa, Baba. Lami imefika mpaka pale uliposimama, na kibanda kimesogezwa ng'ambo ya mfereji. Yangkyi alipoona hivyo alikaa chini, akashika kichwa.

Jaspal alimtazama, akamkumbuka. Akaingia ndani, akatoka na jiwe lako limefungwa kwenye kipande cha gunia. Kabla matingatinga hayajafika alikuwa amepima mahali lilipokuwa: hatua kumi na nne kutoka kwenye bomba la maji.

"Mzee alisema anarudi kesho," alisema. "Angekuja asilikute, ningemwambia nini?"

Tulimvika shingoni kitambaa cheupe cha heshima, tukamwambia kwamba hutarudi. Naye akafunga kibanda, akatuhesabia zile hatua kumi na nne mpaka ukingoni mwa lami. Yangkyi akaliweka jiwe, akasimama nyuma yake, akalia kilio chote cha mwaka mzima. Kisha akaliokota, akainua mguu. Mpaka jua linazama tumetembea kilomita tisa, na Mama hakukubali kupanda gari.

Unakumbukwa na mkeo Choezom, wanao Yangkyi na Jigdal, mkweo Samdup, mjukuu wako Norzin, majirani wa Bir, wauza masweta wenzako wa Ludhiana, na dada yako Lhakdon, ambaye tumemwambia kwenye simu kwamba mvua ni nzuri na mbuzi wanaendelea vizuri.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba. Jiwe lako tumeliweka kando ya barabara pale tulipoishia leo, na kesho asubuhi tunaanzia hapo.