Mbolea ya Magugu ya Ziwa

Jumatano, Kasenga

…akaja kwangu na kitunga kitupu kichwani! Mama mkwe, yeye aliyewaambia wamama wanaofulia ziwani kwamba mke wa mwanawe anaokota uchafu.

Kweli, lundo langu la kwanza la mbolea liliniaibisha. Nilirundika magugu-maji mabichi na mizizi yake, mvua ikanyesha, yakachipua tena palepale. Mama mkwe alicheka wiki nzima. Mara hii niliyaanika kwanza, nikachanganya na mavi ya ng'ombe kutoka Rurambo, kule milimani.

Leo mboga zangu za lengalenga zinanifika kiunoni. Zake zimekuwa manjano.

"Weye, mukwe wangu, mbolea iko?"

"Iko, mama. Lakini magugu, kila mutu anayatoa mwenyewe mu ziwa."

Niliogopa atakasirika. Akakaza kitenge, akateremka ziwani, akaingia majini kuyang'oa magugu mbele ya wamama walewale.