Rovu na Sauti

Jumatatu, 3 Machi
Nimepepeta mchele wa mchana. Nimepumzika katikati kama ajuza. Rovu, uvimbe huu wa shingoni, linabana koo. Masanja, mwanangu, ameng'ang'ania: kesho kliniki ya upasuaji. Nimenuna. Huendi kwa daktari wa kisu kumsalimia tu.

Jumanne, 4 Machi
Sikukatwa chochote. Kumbe siku ya kwanza ni maswali. Daktari ni kijana. Kaniamkia vizuri, kanipapasa shingo, kaniambia nimeze mate. Akauliza magonjwa yangu, na dawa ninazotumia, hata za miti shamba. Nikasema hakuna. Kazi? Mwalimu mstaafu. Masanja akadakia: "Huyu alikuwa anaimbisha wakulima Bukombe nzima, daktari."
Akaweka kalamu chini. Mshipa wa fahamu wa sauti unapita nyuma ya rovu, akasema. Mara nyingi unabaki salama. Mara chache unaumia. Tukiliacha, pumzi itazidi kubana. Uamuzi ni wangu.

Jumatano, 5 Machi
Naogopa. Si kufa. Kunyamaza.
Nimeyakumbuka mno mashamba ya pamba. Safu ya majembe, mimi naanza, wao wanaitikia, vumbi linapanda. Marehemu Baba Masanja alikuwa safu ya nyuma kabisa. Alidai aliamua kunioa kabla hajaniona uso. Mwongo yule. Natamani anidanganye tena.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi kwa daktari, safari hii kwa miguu yangu na maswali yangu. Amezoea kutoa rovu? Nani atanichoma dawa ya usingizi? Sauti ikipotea, hurudi? Sikuona aibu, shingo ni yangu. Kajibu yote, na pale asipojua kasema hajui. Hilo limenipendeza.
Basi nami nikasema ukweli: mizizi ya mganga naichemsha kila asubuhi. Nilitegemea kugombezwa. Kasema tu niiache, huenda ikazidisha damu kutoka, akasogeza tarehe ya upasuaji mbele. Nikasaini fomu ya kukubali.

Alhamisi, 20 Machi
Ni kesho. Nimekatazwa kula kuanzia usiku. Nimejifungia bafuni nikaimba ule wimbo wa kupalilia. Mstari mmoja, pumzi ikakata. Nimelia kidogo.

Jumapili, 23 Machi
Niko hai. Napumua mpaka tumboni. Koo linauma. Sauti ni mkwaruzo tu. Daktari anasema tusubiri. Nina hasira naye, na hana kosa.

Jumamosi, 12 Aprili
Sauti imerudi, lakini si ile. Nzito, ya chini, haipandi.
Mdogo wangu Kabula kapiga simu kutoka Runzewe. Nikasema haloo. Akasema haloo, haloo. Nikadhani ni mtandao. Kisha akasema polepole, "Dada, umeongea kama mayu."
Mayu, mama yetu, tulimzika zamani sana. Sauti yake nilishaisahau. Kabula kaniomba niendelee kuongea, chochote tu. Nikaongea habari za mvua na mahindi, mpaka salio lake likaisha.