Mbele Ndege, Nyuma Ndege

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, au bado unajitia ujana kwa kushuka visimani mwenyewe? Mimi sijambo kiasi. Baba, ule uvimbe kichwani hauwezi kuachwa tena. Watanipasua tarehe ishirini, na huku sina ndugu hata wa dawa. Nimeshakukatia tiketi. Sikufichi, ni mbali: saa sita hewani, unabadilisha ndege, kisha saa nane nyingine juu ya bahari. Najua unavyoogopa. Lakini mimi naogopa kuamka nikute kuta tupu. Njoo.

Binti yako

9 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo, tunavumiliana. Wewe je, kichwa kinakupa nafasi ya kulala? Mimi tangu nipate barua yako chakula hakipiti. Mwanangu, mimi mchimba visima. Kazi yangu ni kushuka, siyo kupaa. Chini kule hata gizani napata pa kushika. Angani utashika nini? Nilimuuliza jirani aliyewahi kupanda, akacheka: "Mzee, ikianguka hutahitaji kushika kitu." Mtu mzima hovyo! Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nakuja.

Baba yako

18 Mei, ujumbe wa simu

Mwanangu, umeamkaje? Mimi mzima wa mwili, ila nimejaa aibu. Safari ya kwanza nimeimaliza. Katikati yake ndege iliporomoka kama ndoo iliyokatika kamba. Watu wakapiga yowe, nami nikamng'ang'ania mkono mama wa watu nisiyemjua. Tulipotua, miguu ikagoma. Wakatangaza ndege ya pili, nikakaa. Wakaniita kwa jina, nikakaa. Imeondoka. Sasa niko hapa kwenye kiti cha chuma: mbele ndege, nyuma ndege. Nisamehe. Siwezi.

Baba yako

18 Mei, ujumbe wa simu

Shikamoo baba. Pole sana. Sijakukasirikia. Muuguzi ndiye ananiandikia haya, maana jicho la kushoto limezima tangu asubuhi na la kulia lina ukungu. Daktari hataki kungoja tena. Wananipasua kesho. Muuguzi ameulizia, anasema ipo ndege ya jioni na tiketi yako watakubadilishia. Ukishindwa nitaelewa. Ila naogopa, baba. Naogopa sana.

Binti yako

19 Mei

Binti yangu,

Sijui nikusalimie vipi, umelala. Naiacha karatasi hii chini ya mkono wako. Nilipanda. Saa zote nane nilifumba macho nikitetemeka, mpaka abiria wa pembeni akanifunika blanketi lake. Si kwa hofu ya kuanguka, hiyo ilishaniisha. Niliogopa kukukosa. Na kweli, nilipofika walikuwa wameshakuingiza ndani. Nilisimama kwenye ukumbi wa kungojea, kila mlango ukifunguka nachungulia.

Sasa umetoka, kichwa kimefungwa, unapumua. Daktari anasema uvimbe wameutoa wote. Kuhusu macho hajui, mpaka uamke. Nimekuita, nikaona kidole chako kimecheza. Muuguzi anasema labda, mimi nasema kimecheza.

Wananitoa kidogo wakubadilishe bendeji. Wakikusomea haya mimi sipo, usihangaike. Niko nyuma ya mlango, nimeuegemea. Niite tu, hata kwa kunong'ona.

Baba yako