Jibu Kutoka Remba

Mama yangu,

Hapa kisiwani Remba jua linachoma na hata mto wangu wa kulalia unanuka omena, dagaa wa ziwani. Unakumbuka ulivyonicheka nikirekodi sebuleni video za masomo ya hesabu kwa watoto wa huku? Nauliza swali, nawaachia watoto nafasi ya kujibu, halafu naupongeza ukuta: "Vizuri sana!"

Leo nimeingia mwenyewe darasani, Gredi ya Pili. Watoto wanaonijua kwa video tu wakaduwaa. Kasichana kamoja, Akinyi, kakaninunia.

"Mwalimu, kila siku nainua mkono na hunichagui!"

"Haya, Akinyi, jibu."

Akasimama wima. "Kumi na saba!"

Sikuwa nimeuliza chochote. Lilikuwa jibu la somo la wiki jana; alikuwa ameniwekea.

Jitunze, Mama, na usinicheke tena. Ukuta umejibu.

Atieno wako