Hisa Iliyopigwa Mnada

Jumanne, 4 Februari 2025

Dinesh amekubali! Yule mwenye duka kubwa la vyakula mjini. Amekula loshoro yangu vikombe viwili amesimama, akalamba kijiko, akasema mahindi yamelainika vizuri ila maziwa ya mgando yangekuwa makali kidogo. Kayajulia wapi? Kumbe amekulia Usa River, majirani Wameru watupu.

Atanunua friji la kuonyeshea, na atatoa mtaji wa mashine ya kufungia vikombe. Yeye achukue hisa thelathini kwa mia. Sharti moja: kampuni iandikishwe, na ajue sabini zilizobaki ni za nani. Hafanyi biashara na watu asiowajua.

Mimi wa ndoo na upawa, leo nazungumza habari za hisa! Nimecheka peke yangu hadi nyumbani Kikatiti. Mama kaniuliza kama nimelewa.

Jumatano, 5 Februari

Kwa Sneha. Tulisoma naye sekondari, sasa ni wakili na bado anatafuna kucha.

Kanieleza polepole. Nikisajili jina la biashara tu, biashara ikidaiwa nadaiwa mimi – watakuja hadi kwenye ng'ombe wa Mama. Kampuni ni mtu mwingine kabisa. Ina jina lake na madeni yake. Yetu itakuwa kampuni binafsi: wenye hisa wasizidi hamsini, na hisa hazitangazwi hadharani kwa kila mpita njia. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama niko kwaya.

Wenye hisa: mimi, Mama na Dinesh. Wakurugenzi: mimi na Mama, maana loshoro ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Nitakayeshika nyingi ni mimi. Nimelisema kwa sauti ofisini kwa Sneha ili nijisikie. Tamu!

Jioni nikampigia Baba mdogo Ephraimu kumpa taarifa. Taarifa tu.

Ijumaa, 7 Februari

Baba mdogo hajui kitu kinachoitwa taarifa tu. Ameshaunda kamati! Mwenyekiti yeye mwenyewe, katibu na mweka hazina walewale wa harusi zote za ukoo. Na kadi za mchango ameshachapisha. Zina maua na pete mbili pembeni – mchapaji katumia karatasi aliyokuwa nayo.

Anasema mtoto wa ukoo hawezi kukimbilia mtaji kwa mtu baki wakati ndugu wapo hai. Na kwamba kwenye kampuni atakaa kama mwenyekiti, mimi nipike kwa amani.

Nipike kwa amani!

Ningemjibu. Lakini Baba alipofariki, huyu ndiye aliyeuza kahawa ya shamba lake nikasoma. Nikasema asante Baba mdogo. Asante! Mjinga mimi.

Jumapili, 9 Februari

Sijui nianzie wapi. Nacheka, halafu naudhika, halafu nacheka.

Baada ya ibada tukatoka nje kwa mnada wa sadaka kama kawaida. Jogoo akaenda, trei ya mayai ikaenda, mkungu wa ndizi mshare ukagombaniwa na kwaya mbili. Halafu Baba mdogo akasogea kwa mnadi akamnong'oneza. Mnadi akainua mkono mtupu, akatangaza: sasa tunauza hisa ya kampuni ya binti yetu Tabea!

Nilitaka ardhi inimeze.

Watu wakashangilia. Hakuna aliyeuliza hisa inafananaje. Mzee Solomoni akapandisha, Bariki wa spea za pikipiki akapandisha, Mzee akashinda. Na kama ilivyo desturi yetu, hakuibeba nyumbani. Akasema anampa zawadi mama mchungaji. Vigelegele! Mama mchungaji akashukuru, akasema yeye naye anairudisha mnadani, kazi ya Mungu iendelee. Ikauzwa tena! Safari hii kwa Bariki, naye akajifanya anaipunga hewani kama bendera.

Na fedha yote? Imeingia kwenye kapu la sadaka ya kuezeka kanisa, kama ya jogoo. Kwa hiyo kampuni ambayo haijazaliwa imeshauza hisa mara mbili, na mtaji uliopatikana ni paa la kanisa.

Baba mdogo kanishika bega, machozi yanamlenga kwa fahari.

Jumatatu, 10 Februari

Sneha alicheka mpaka akatoka nje kupumua. Aliporudi hakucheka tena. Hisa hazitangazwi hadharani, Tabea, nilikuambia. Nikamwambia hayakuwa matangazo, yalikuwa mnada.

Anasema kampuni haipo, kwa hiyo hakuna hisa iliyouzwa. Fedha ya kwenye kapu ni sadaka. Waliochangia kwa kadi warudishiwe, au tuandikiane mkopo. Mkopo unalipwa ukaisha, mkopeshaji hawi mwenye mali. Lakini lazima lisemwe wazi mbele ya wote kabla hatujaandikisha chochote. Nikamwomba aje aseme yeye. Kakataa. Anaweza kuniandikia katiba ya kampuni, ila hawezi kumwambia hapana Baba mdogo wangu.

Jumatano, 12 Februari

Dinesh kapiga. Kasikia nina wabia kanisa zima. Ananipa hadi Jumatatu nimtajie wenye hisa ni nani.

Bariki naye amepita kuulizia faida yake. Kala kikombe kimoja, hakulipa. Eti mwenye mali hanunui.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekimbilia jikoni. Nimesingizia sufuria inaungua. Nje wamejaa ndugu na washarika.

Baba mdogo kakodi turubai na viti kwa ajili ya kikao! Yeye kakaa mbele, suti ya Pasaka, faili kwapani. Nikasimama, nikawaamkia wazee. Nikasema yote. Kampuni haijazaliwa, kwa hiyo Jumapili hakuna aliyenunua wala kupewa chochote ila baraka. Michango ya kadi inarudi, na anayetaka kunikopesha tutaandikiana. Mama mchungaji akacheka wa kwanza, akasema paa linatosha. Mzee Solomoni akakubali. Bariki akanuna.

Baba mdogo hakugusa hayo. Akauliza jambo moja tu, taratibu: na mwenyekiti wa kampuni?

Nikasema, hakuna kiti hicho, Baba mdogo. Kuna wakurugenzi. Mimi na Mama.

Akamgeukia Mama. Mama ambaye tangu nizaliwe sijamsikia akisema neno mbele ya wanaume wa ukoo. Mama akasema: ndiyo.

Basi, hilo tu. Akainuka akaja huku jikoni nami nikamfuata mbio. Sasa anakoroga, mimi naandika nimekalia gunia la mahindi. Nampenda Baba mdogo. Sitaki anione mwizi wa fadhila. Na kampuni simpi.

Nje minong'ono imekatika. Kiti kimesogezwa. Ni sauti ya Baba mdogo.

"Mkurugenzi!"

Sijui ananidhihaki au amekubali. Anaita tena, kwa nguvu zaidi: "Mkurugenzi!"

Mama kanigeukia na mwiko mkononi. Anauliza, anamwita nani, wewe au mimi?