Kiboya Bwawani Mutuini

Jumamosi, 7 Juni

Mama mkwe amenipigia simu asubuhi na mapema. Nilidhani ni habari za Debra. Kumbe anataka nimpeleke Mutuini kuvua samaki! Debra yuko kwa mama yake Woodley wiki ya tano sasa, tangu mimba ilipoharibika ikiwa na miezi mitano. Mke wangu hataki kuniona, mama yake anataka samaki. Haya.

Bwawa ni la Waithaka, mfugaji wa samaki. Unalipa getini, unavua mwenyewe. Mama amekulia kando ya mto Nzoia. Mimi ni mtu wa Riruta, samaki nimemjulia kwenye sahani. Amenipa fimbo, uzi, ndoana na kiboya chekundu cha kuelea, kidogo kama pilipili. Kazi yangu ni kukitazama. Kilipotikisika, nikavuta. Kikatikisika tena, nikavuta. Minyoo yote imeliwa bure!

"Wewe baba, hiyo ni kuonja tu," Mama akasema. "Ngoja kizame."

Kwao Bungoma mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Miaka minne tumesalimiana kwa mbali, mimi nikikagua viatu vyangu. Leo tumekaa saa tatu, yeye kwenye stuli, mimi kwenye ndoo mita mbili kutoka kwake, wote tukitazama maji. Nimefurahi, kusema kweli.

Jumatano, 11 Juni

Kazini, mjini. Nimechora kiboya pembeni mwa ripoti, bosi ameona. Mchana nimempigia Debra. Hakushika.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi kali! Kiboya kililala ubavu juu ya maji, nikakitazama nusu saa nzima nikijisifu kwa subira. Mama alicheka mpaka akafuta macho. Kikilala, alieleza, uzi ulio chini yake ni mrefu mno — chambo kiko matopeni, hakuna samaki wa kukiona. Nikakisogeza chini kidogo kwenye uzi. Kikasimama wima.

Halafu, bila kunigeukia: "Debra anasema kesho yake ulienda job."

Ndiyo. Siku moja baada ya mimba kuharibika nilivaa tai, nikaenda. Jioni nikanunua mkate. Niliogopa kwamba nikikaa chini sitainuka tena. Hayo sikuwahi kumwambia mtu. Leo nimeyasema nikiyatazama maji, Mama akisikia. Kisha akasema si yeye wa kuambiwa.

Nimeshika tilapia mmoja. Mdogo mno, nikamrudisha.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwandikia Debra ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika: Nisamehe. Nilienda kazini kwa woga. Nikatuma haraka kabla sijabadili nia. Ameusoma.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika mbio hapa hapa bwawani, Debra ameenda kunawa uso mferejini.

Ndiyo, Debra! Mama amekuja naye. Amekonda, hakunisalimia, akaketi kwenye stuli ya mama yake. Mama akadai anaenda kununua mayai kwa Waithaka. Mayai gani! Waithaka hafugi hata kuku mmoja.

Nikarusha ndoana majini. Kisha Debra, macho kwenye kiboya, akauliza kama huwa namfikiria mtoto.

"Ama kwako iliisha tu?"

Daktari alikuwa ametuambia ni msichana. Kwetu jina la msichana wa kwanza halitafutwi, ni la mama yangu. Tulilijua wote wawili, na tangu hospitali hakuna aliyelitamka.

"Ciru," nikasema. "Kila asubuhi nikifunga geti namwambia, Ciru, baba anaenda."

Fimbo ilitikisika mkononi mwangu. Sijui ni samaki au ni mimi.

"Sema tena," Debra akasema.

Nikasema. Akasimama akaenda mferejini. Sasa anarudi. Uso umelowa. Ameipita stuli, anakuja upande wangu, mkono mmoja ameunyoosha — sijui anataka fimbo au mkono wangu —