Chumba Kisicho na Ngazi

Jumanne, Guildford

"Majengo yenu ya historia ni ngazi tu, Baba Neema. Ukishapanda moja umezipanda zote."

Hivyo ndivyo mke wangu alivyonijibu leo tulipokuwa tukichagua hoteli ya mji wa Avignon. Upuuzi! Mapapa walihama Roma wakajenga huko kasri lenye kuta kama za gereza, nami nikalitazame kutoka chini kama mtu anayesubiri basi? Nilimtolea hoja tano. Hakupinga hata moja.

Hilo ndilo linalonikera. Tangu tuoane hajawahi kuiacha hoja yangu ipite.

Alitaka chumba cha chini tu. Yeye, muuguzi anayekimbia wodini kule hospitali ya Campbelltown hadi wanafunzi wa uuguzi wanamlalamikia! Tena twende mwezi ujao, si mwakani kama tulivyopatana.

"Mwakani kuna nini?"

Akacheka. "Mwakani utakuwa umenenepa, hutaenea kwenye kiti cha ndege."

Kisha akasema tusiitangaze safari kanisani. Sisi, ambao hata tukienda Melbourne huombewa! Anajua kina mama wa kanisani wakimtazama vizuri watauliza anaumwa nini, na kesho yake watabisha hodi na sufuria zao za uji wa mgonjwa.

Naogopa. Nimewapinga maaskofu na mawaziri kwa makala, nikashindwa kumuuliza mke wangu swali moja.

Mama Neema, najua hulisoma daftari hili nikitoka. Basi soma na hapa: sikati tiketi yoyote mpaka uniambie daktari amesema nini.